Sauti Bila Picha

Usiku wa sikukuu pili, Idi el Fitri ya 2023, nilikuwa nimechutama nyuma ya televisheni ya mama, Kikwajuni, Zanzibar, nimeshika nyaya tatu: nyekundu, nyeupe na ya njano.

Televisheni yenyewe ni ya chogo. Mama anayo tangu baba yu hai, na kila tukitaka kumletea ya bapa hujibu kwamba hii haijamkosea kitu. Nilikuwa nimekuja na laptopu kutoka Dar, na kabla ya sikukuu nilipita Darajani nikanunua kidude cha kugeuzia: upande mmoja unaingia waya wa kisasa wa HDMI, upande wa pili zinatoka zile nyaya tatu za zamani. Ndani ya laptopu kulikuwa na filamu ya Kihindi ambayo mama aliiona kwenye sinema ya Majestic, pale Vuga, angali mtoto wa chuo cha Kurani, kabla ya Mapinduzi. Alikwenda na shangazi zake kwenye onyesho la wanawake peke yao. Ametusimulia filamu hiyo tangu tuko wadogo. Nyimbo zake anazo zote, na maneno yake anayasema kwa Kihindi ambacho hakuna mtu aliyewahi kumfundisha.

Niliikuta kwenye duka moja la mtandaoni mwaka 2019, nilipokuwa nafanya kazi Muscat. Riyali 4 na baisa kadhaa. Kitufe kilikuwa kimeandikwa neno moja la Kiarabu, shiraa, yaani nunua. Nikabonyeza, benki ikaleta ujumbe wa makato, filamu ikakaa kwenye orodha yangu pamoja na nyingine 30. Sikuitazama. Niliweka nia ya kuitazama na mama mwenyewe, nyumbani.

Basi usiku ule nikachomeka. Kioo kikawa cheusi tii. Halafu ikaja sauti: vinanda, ngoma, na ile sauti nyembamba ya kike inayopanda juu taratibu. Mama, aliyekuwa ameegemea mto, akajiinua akakaa kitako.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Picha iko wapi?"

"Inakuja, mama. Ngoja kidogo."

Haikuja. Nikichomoa waya, picha inarudi kwenye laptopu. Nikichomeka, inapotea kote kuwili na sauti inabaki. Nilizima nikawasha. Nilibadilisha tundu. Niliingia kwenye mipangilio nikapunguza ukubwa wa picha, nikaongeza, nikapunguza tena. Utasema angetazama kwenye laptopu, lakini mama ana mtoto wa jicho upande wa kushoto, na kioo kile ni cha inchi 13. Tena tulikuwa watu tisa chumbani, wajukuu wamejipanga kwenye mkeka na nguo zao za sikukuu.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Mama alinitazama mimi, akatazama kioo cheusi, kisha akawageukia watoto.

"Hapa sasa yuko kisimani," aliwaambia. "Anateka maji. Kuna bwana anakuja kwa nyuma, kapanda farasi, yeye hajamuona. Msikilizeni. Enhe, sasa kamuona."

Nikaacha kushughulika na nyaya. Kwa nusu saa hivi mama alitusimulia filamu kwa kusikia tu, kwa picha alizoziweka kichwani zaidi ya miaka sitini. Watoto walicheka pale alipocheka. Mimi nilibaki nyuma ya televisheni kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na uchungu na sikutaka auone uso wangu.

Kilichotokea usiku ule kina jina, ingawa nililijua baadaye. Kuna kufuli inayoitwa HDCP, iliyobuniwa na Intel. Kabla picha haijapita kwenye waya, kifaa kinachotuma hukiuliza kinachopokea: wewe nani? Anayepokea sharti awe na funguo zilizotolewa kwa leseni. Asipojibu, picha inazuiwa. Kidude cha Darajani hakina funguo hizo, na televisheni ya chogo ilitengenezwa kabla mtu hajafikiria kutia kufuli kwenye waya. Kwa hiyo laptopu ilipouliza na kukosa jibu, ilimhesabu mama miongoni mwa watu wanaotaka kuiba filamu.

Na ufunguo mkuu wa kufuli hiyo ulivuja Septemba 2010. Intel wenyewe walithibitisha kuwa ni wa kweli. Mwizi wa filamu ana njia tangu siku ile, na njia nyingine nyingi kabla na baada yake. Miaka 13 baadaye, aliyekuwa bado amezuiwa mlangoni ni bibi wa Kikwajuni ambaye mwanawe alilipa.

Nalisema hili kwa urefu kwa sababu najua watu wengi wakipatwa na jambo kama hili hujilaumu. Hudhani waya umechoka, au hawajui kubonyeza, au wameuziwa kidude kibovu. Usiku ule hakuna kilichoharibika. Kila kifaa kilifanya kazi kama kilivyoamriwa. Ndivyo ilivyo hata kwa simu: simu nyingi za bei nafuu zina ngazi ya chini kabisa ya kufuli ya Google iitwayo Widevine, L3, na maduka mengi ya filamu yakiiona ngazi hiyo hukupa picha ya chini tu, ile yenye ukungu, hata kama kioo chako ni kizuri na ulilipia picha ya juu. Mwenye simu hudhani mtandao unasumbua. Anaongeza bando. Ukungu unabaki.

Kesho yake mchana nilijaribu njia nyingine. Jirani wa nyumba ya pili ana televisheni ya kisasa inayoingia mtandaoni, akasema mleteni bibi huku. Programu ya duka lile ilikuwemo. Nikaandika barua pepe kwa rimoti, herufi moja moja, mshale kulia, mshale chini, sawa. Nikaandika nenosiri vivyo hivyo. Ikasema imenitumia msimbo wa tarakimu sita kwa simu. Simu gani? Ile laini ya Oman niliyoiacha niliporudi nyumbani 2021. Ili kubadilisha namba nilitakiwa kwanza niweke msimbo uliotumwa kwenye namba ile ile. Nikafungua sehemu ya msaada kwenye simu yangu, ikanipokea mashine inayojibu maswali. Ilinipa maelezo ya kubadilisha nenosiri. Ikaniuliza kama jibu lake limenisaidia. Nikabonyeza hapana. Ikaniletea maelezo ya kubadilisha nenosiri.

Mama alikuwa amevaa buibui lake, ameketi kwenye kochi la watu, mkoba mapajani. Alinywa chai ya jirani, akashukuru, tukarudi.

Njiani ndipo aliponiuliza.

"Kwani filamu hii hukuinunua?"

"Nimeinunua, mama. Risiti ninayo."

"Ukakabidhiwa?"

Nilisimama. Mama alisoma chuoni kama watoto wengi wa Mjini wa zama zake, na neno lile hakulitamka ovyo. Kwenye mafunzo ya kuuziana aliyoyapata, bidhaa ijulikane, bei ijulikane, na mnunuzi akabidhiwe chake. Kukabidhi ni kutoa mkononi mwako ukaachia. Hata neno bei tumelipata kwa Kiarabu, na huko asili yake ni kuuza. Mwenye duka la kanga akishakufungia doti yako hawezi kuja nyumbani usiku kuichukua kwa sababu amegombana na kiwanda. Ukiivaa Pemba, ukiipeleka Mombasa, ukimpa wifi yako, hilo ni lako. Na Kiswahili hapa hakina upungufu wowote. Tuna kununua, kukodi, kupanga, kuazima, kuweka rehani, kuweka amana, na kila neno lina masharti yake. Mtoto wa darasa la tatu anajua tofauti ya kununua baiskeli na kukodi baiskeli. Nilichofanya Muscat ni kukodi, bila kuambiwa ni lini mwenye mali atakuja kuchukua chake.

Marekani suala hili lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1908. Mchapishaji, Bobbs-Merrill, alipiga chapa ndani ya kitabu chake onyo kwamba bei ni dola 1 na hakuna ruhusa ya kukiuza chini ya hapo. Duka la Macy's la ndugu wa Straus likakiuza kwa senti 89. Mchapishaji akashitaki, akashindwa. Ukishauza nakala, mahakama iliona, mamlaka yako ya kumpangia mnunuzi bei ya kuiuza tena yamekwisha. Kwa wazo hilo watu wameuza vitabu vya mitumba, wamerithisha santuri, wamekopeshana mikanda ya video. Maduka ya mtandaoni yamelipita wazo hilo pembeni: kitufe kinasema nunua, na mkataba mrefu ulio chini yake unasema umepewa leseni ya kutazama. Nakala haikuuzwa, kwa hiyo hakuna cha kuachia.

Matokeo yake yameonekana mara nyingi. Julai 2009 wasomaji wa Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, waliamka wakakuta vitabu viwili vya George Orwell vimefutwa kwenye vifaa vyao. Amazon iligundua kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo, ikavifuta kwa mbali na kurudisha pesa. Mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Michigan alipoteza kitabu alichokuwa anakisomea, na maandishi yake ya pembeni yakabaki hayana maana tena. Jeff Bezos aliomba radhi hadharani. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu na vitabu vyote vikafungika, hata vilivyolipiwa. Hao, kwa haki, walirudisha pesa yote, na aliyekuwa ameandika maandishi yake ndani ya vitabu aliongezwa dola 25. Nataja hilo kwa makusudi. Kuna namna ya kufunga duka ukiwaheshimu watu.

Mwaka huo huo, tarehe 31 Julai, UltraViolet ilikufa. Hiyo ilianzishwa 2011 na kampuni kubwa za filamu zenyewe ili iwe kabati la kudumu: ununue filamu popote, uikute kabatini. Kabati la kudumu lilidumu miaka minane. Tarehe 31 Agosti 2022, wateja wa PlayStation ya Sony wa Ujerumani na Austria waliondolewa filamu za kampuni ya Studiocanal walizokuwa wamezinunua, kwa sababu mkataba kati ya kampuni mbili ulikwisha. Desemba 2023 Sony ikatangaza kwamba misimu zaidi ya 1,300 ya vipindi vya Discovery itaondoka kwenye orodha za wanunuzi kabla ya mwaka kuisha. Watu walipiga kelele, nazo kelele zilisaidia: kabla ya siku kufika, mkataba mpya ukapatikana na vipindi vikabaki kwa muda mwingine. Kwa muda. Neno hilo linanikaa kooni.

California wameamua kuanza na neno lenyewe. Kwa sheria iliyotiwa saini Septemba 2024 na kuanza kazi 1 Januari 2025, muuzaji wa filamu, mchezo au kitabu cha kidijitali haruhusiwi kuandika nunua kwenye kitufe mpaka amweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni inayoweza kuondolewa. Anayekupa faili ukaipakua, ukabaki nayo moja kwa moja, sheria haimgusi. Ni sheria ndogo, na haimrudishii mtu hata filamu moja. Lakini nilipoisoma nilifurahi kweli, kwa sababu mtu mahali fulani amekubali kwamba lile neno lilitumiwa vibaya. Ningependa Tume yetu ya Ushindani, inayokamata bidhaa bandia madukani na bandarini, siku moja ikiangalie na kitufe.

Sasa niseme habari ya orodha yangu. Mwaka 2024 nilifanikiwa kuingia kwenye akaunti kupitia laptopu ile ya zamani na kubadilisha namba, baada ya kutuma picha ya pasipoti na kungoja siku 11. Nikaona nimalize kabisa: nihamishe akaunti kutoka Oman kuja Tanzania, niweke kadi ya benki ya hapa. Lilikuja onyo la mistari miwili kwamba baadhi ya vitu huenda visipatikane katika nchi mpya. Nilidhani linahusu vya kununua baadaye. Nikakubali. Orodha ilipofunguka tena, filamu 31 zilikuwa zimebaki 22. Ya mama ilikuwa miongoni mwa zile tisa zilizoondoka. Jina lilikuwepo kwenye risiti, tarehe ipo, riyali zipo, filamu hamna. Nikiitafuta kwa jina naambiwa maudhui haya hayapatikani katika eneo lako.

Niliandika kuomba nirudishiwe pesa. Safari hii alinijibu mtu, nadhani ni mtu, kwa sababu alikosea kuandika jina langu. Muda wa kudai ulikuwa umepita. Unahesabiwa tangu siku ya kununua.

Tangu hapo nimekuwa mwepesi kuona mambo haya kila mahali, na mke wangu amenisikia nikilalamika mpaka basi. Televisheni yetu ya Tabata ilisasishwa yenyewe usiku mmoja. Asubuhi rimoti inafungua ukurasa wa matangazo badala ya chaneli tuliyoiacha, na programu moja tuliyoilipia mwaka mzima ikasema aina hii ya televisheni haitumiki tena. Televisheni ina miaka mitano. Sasisho lile lilikula bando la wiki, na hakuna aliyeniuliza. Programu ya benki inanitoa kila ninapopokea simu katikati ya kutuma pesa, na inaporudi haisemi kama pesa imekwenda au haijakwenda. Naogopa kurudia, naogopa kutorudia. Maandishi ya tafsiri kwenye filamu moja niliyokodi yalikuwa nyuma ya maneno kwa sekunde nne hivi, mtu anakufa kwanza ndipo anaomba asiuawe, na mahali pa kuripoti palikuwa na chaguo matatu tu, hakuna hata moja linalohusu maandishi. Ukienda ofisini kuuliza jambo lolote, unaelezwa mtandao uko chini. Umekuwa chini kwa nani, tangu lini, na nani amekwenda kuuinua, hilo haliulizwi.

Lakini hitilafu ikielezwa, watu wanavumilia. Angalia mita za LUKU. Mita nyingi za umeme wa kulipia kabla duniani zilikuwa zikihesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyoboreshwa ingekataa tokeni zote mpya. Ni kosa la watu walioketi mezani zaidi ya miaka thelathini nyuma wakadhani mwaka 2024 uko mbali. Na bado lilitangazwa mapema, redioni, kwa ujumbe wa simu, kwenye magazeti, kanda kwa kanda. Wakati ule ulikuwa ukinunua umeme unaletewa tokeni tatu za tarakimu 20 kila moja: mbili za kuboresha mita, ya tatu ndiyo umeme wako. Nilimpigia mama mkwe aliye peke yake kijijini, nikamsomea tarakimu zote 60, nne nne, naye anarudia huku anabonyeza. Alikosea mara moja, tukaanza upya. Ilipokubali alipiga kigelegele kwenye simu. Hakuna aliyeniambia wakati ule kwamba amedhalilishwa na mita. Aliambiwa kuna nini, akaambiwa afanye nini, akafanya.

Turudi Kikwajuni. Siku ile ile ya aibu kwa jirani, kijana wa mtaani aliposikia kisa, alisema kwa nia njema kabisa: "Kaka, nipe flashi." Alikuwa na uhakika wa kuipata ndani ya dakika tano. Nina hakika angeipata, na ingecheza kwenye chogo bila kuulizwa wewe nani. Vibanda vya kuingiza muvi kwenye flashi viko kila kona, kwa mia tano au elfu unaondoka na filamu za wiki nzima.

Nilimkatalia, na sikufanya hivyo kwa kuringa. Nakumbuka mwaka 2017 wasanii wa Bongo Movie walivyoandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazomwagwa sokoni bila kodi wala haki za mwenye kazi, wakati wao wanalipa stempu na soko limewafia mikononi. Nimekula chakula meza moja na mtu aliyeuza shamba kutengeneza filamu, akaiona inauzwa kwenye flashi kabla hajauza nakala zake. Najua kazi ya mtu ni jasho lake. Ndiyo maana nililipa zile riyali. Na ndiyo maana nakasirika: aliyelipa anaulizwa msimbo, laini, nchi, waya na umri wa televisheni, na asiyelipa anatazama. Kijana yule alinitazama kwa huruma, na sikuwa na jibu la kumpa lililo bora kuliko lake. Kila kufuli kama ile inampelekea mteja mmoja kwenye kibanda, na wanaoumia mwishoni ni akina yule aliyeuza shamba.

Nilichokwisha kubadilisha ni kidogo. Filamu ninayoitaka kweli naitafuta kwenye diski. Ya kupitisha usiku nakodi kwa siku mbili, maana hapo neno na bei vinalingana. Kazi ya msanii anayeuza mwenyewe faili lisilo na kufuli nanunua bila kubishana bei. Risiti zote nazipiga picha, na tarehe.

Mwaka jana jamaa yangu alimpeleka mamake India kwa matibabu. Nilimpa jina la filamu limeandikwa kwenye karatasi, naye akapata muda wa kupita duka moja la Mumbai. Aliniletea DVD kwenye ganda lake, picha ya rangi ya kuchovya juu ya filamu ya nyeusi na nyeupe. Nazo diski zina kufuli za maeneo, nisije nikazisifu kupita kiasi. Ila kwa bahati India na Afrika Mashariki ziko eneo moja, la 5. Kama ningenunua diski Muscat ningeletewa ya eneo la 2.

Deki ya baba ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano, ziliingia moja kwa moja nyuma ya chogo. Ilikwaruza kidogo mwanzoni, ikasoma. Picha ilipotokea mama hakusema neno. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Kwenye kisima aliinua kidole kuwaonyesha watoto: farasi alikuwa mweupe, kumbe yeye miaka yote alimkumbuka kuwa mweusi.

Kabla sijaondoka alitaka kalamu ya wino usiofutika. Akaandika jina lake juu ya ganda, kwa herufi kubwa, na chini yake Kikwajuni.

Wiki iliyopita nilimpigia nikamuuliza kama anaitazama.

"Haipo," alisema. "Iko kwa jirani nyumba ya pili. Bintiye kaja kutoka Chake, wanaitazama. Wakimaliza ataichukua mama wa barafu, kanishika sikukuu nzima. Wewe unaitaka lini?"